Kengele ya Seva Isikilizwe Kabla Huduma Hazijakwama



Mnamo Julai 2023, mtandao wa eCitizen ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia. Waliotaka pasipoti au leseni ya udereva walikwama. Wakenya walijionea kwamba seva ikilemewa, anayeumia ni mwananchi.

Siku hizi mashine moja hubeba seva pepe nyingi, yaani seva zinazoundwa kwa programu. Ni kama maduka ya sokoni yanayotumia mita moja ya stima: mita ikiharibika, yote hukosa umeme. Ndiyo maana programu ya usimamizi hupima kumbukumbu, nafasi ya diski na mzigo wa mashine saa zote. Kiwango kilichowekwa kikipitwa, kengele huwaka: manjano ni onyo, nyekundu ni hatari.

Fundi anaweza kubonyeza kuonyesha kwamba ameiona. Arifa hukoma, lakini hitilafu hubaki. Kuona si kutengeneza. Tena, kengele zikilia ovyo kwa mambo madogo, wahudumu huzizoea na ile ya kweli huwapita. Kwa hivyo kila kengele iwe na mtu wa kuifuatilia hadi chanzo kiondolewe.

Mwananchi naye ni kengele. Malipo yakikwama au leseni isipoonekana, aandike saa, huduma na ujumbe uliotokea kwenye simu, kisha aripoti kwa msimamizi wa wadi. Asilipe mara ya pili kabla ya kujibiwa, wala asimpe yeyote nambari yake ya siri.