Juma Moja la Mtoto Darasani

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya masomo ya watoto wetu wadogo. Sitasema juu ya elimu kwa jumla, kwa kuwa hotuba za namna hiyo mmekwisha kuzisikia nyingi. Nitasema juu ya jambo moja tu: mtoto wa Gredi ya 2 hufundishwa nini tangu Jumatatu asubuhi hata Ijumaa. Naomba mnivumilie, maana jambo hili lahusu fedha za Chama, nanyi mtatakiwa kupiga kura juu yake leo.

Wazee waliosoma zamani wanaukumbuka mpango uliotokana na ripoti ya Beecher ya mwaka 1949. Mtoto alisoma miaka 4, kisha ukaja mtihani wa kuwachuja, na wengi wakarudi kuchunga ng'ombe. Sisi tuliokuja nyuma tulisoma chini ya mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, nao ulikuwa na mtihani wake wa darasa la 8. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa sababu ya mitihani hiyo tumezoea kuiuliza shule swali moja tu, nalo huulizwa mwisho wa safari: mtoto amepata alama ngapi?

Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwezi wa Januari 2019, umeliondoa swali hilo mikononi mwetu. Ripoti ya mtoto wa madarasa ya chini haisemi tena kwamba amekuwa wa tatu au wa arobaini. Husema kwamba amezidisha matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yu mbali nayo. Wazazi wengi wanaisoma ripoti hiyo, wanaikunja, na kuitia sandukuni, bila kujua matarajio yenyewe ni yapi. Basi yatupasa kuijua ratiba ya juma.

Kufuatana na marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2024, mtoto wa Gredi ya 1 hata ya 3 ana vipindi 31 kwa juma, na kila kipindi ni dakika 30. Hesabu ni hii: Kiingereza vipindi 5; Hisabati 5; Kiswahili 4; Mazingira 4; Dini 3; Lugha ya kwao 2; Sanaa na michezo 7; na kipindi 1 cha mafundisho ya kiroho na malezi. Akiingia Gredi ya 4, vipindi huwa 35 vya dakika 35. Lugha ya kwao haipo tena katika orodha, na mahali pa Mazingira huja Sayansi na Teknolojia, Kilimo, na Masomo ya Jamii.

Najua wapo watakaouliza, "Sanaa na michezo vipindi 7, na Hisabati 5? Je, twawapeleka watoto shuleni wakacheze?" Swali hili ni la haki, na ndilo linaloleta manung'uniko mwalimu anapoagiza karatasi za manila, rangi na gundi. Jibu ni kwamba mkono wa mtoto wa miaka 7 haujakomaa. Mtoto anayefinyanga udongo, anayesuka ukili, anayechora na kukata, anaufundisha mkono wake kuishika kalamu. Anayeimba na kupiga makofi kwa mpigo anakizoeza kichwa chake kuzigawa silabi. Na kuhusu karatasi za manila, mtaala wenyewe huruhusu vitu vinavyopatikana karibu. Udongo, majani makavu, mabua ya mahindi na vizibo vya chupa vyafaa. Mzazi ana haki ya kumwambia mwalimu hivyo kwa adabu.

Hisabati nayo si kujumlisha na kutoa tu. Watoto hawa hufundishwa kupima urefu, uzito na ujazo, kusoma saa, na kuhesabu fedha. Mama anayeuza sokoni ana vifaa vyote vya somo hilo mezani pake: mizani, kopo, na chenji. Mtoto akiachwa aihesabu chenji mara mbili kwa juma, atakuwa amerudia somo lake bila daftari wala mshumaa.

Sasa nafika kwenye vipindi 2 vya Lugha ya kwao. Hiyo ni saa 1 tu kwa juma, lakini nadhani ndiyo saa inayonyang'anywa upesi kuliko zote, ikapewa Kiingereza. Hatuwezi kuwalaumu walimu peke yao, maana sisi wazazi ndio tunaofurahi mtoto anaporudi nyumbani akisema Kiingereza, na hatuulizi kama anaelewa asomayo. Mawazo haya si mapya. Mwaka 1957, huko Nairobi, ulianza mpango wa kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ukaenea sana. Lakini ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba miaka 3 ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali pake, na mjini, penye mchanganyiko wa makabila, kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo siasa ya elimu hata leo. Sababu yake ni nyepesi: mtoto hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akijua kwamba herufi hizi hufanya neno analolijua kwa mama yake, ataihamisha elimu hiyo kwa Kiswahili na Kiingereza. Lakini akifundishwa herufi ngeni kwa maneno mageni, hukariri ukurasa kama kasuku.

Na hapa ndipo penye hatari. Katika vipimo vya Uwezo, vilivyofanywa nyumba kwa nyumba katika miaka ya 2010, wengi wa watoto wa darasa la 3 hawakuweza kusoma hadithi ya kiasi cha darasa la 2. Mtoto wa namna hiyo hafukuzwi tena kama zamani za Beecher. Hupanda darasa pamoja na wenzake, akaketi nyuma, akanakili ubaoni maneno asiyoyajua. Akifika Gredi ya 6 amekwisha kuachwa nyuma, na hakuna aliyetangaza kwamba ameshindwa.

Wazee wangu, kumpima mtoto hakuhitaji cheti. Siku ya Ijumaa jioni, mwambie alete kitabu chake. Usimwache aanze ukurasa wa kwanza, maana huenda amekwisha kuukariri. Fungua katikati, umwonyeshe mahali. Akisha kusoma, mwambie, "Sasa nieleze kwa lugha yetu." Hata mzee asiyejua kusoma ataweza kupima kama maelezo hayo yana kichwa na miguu. Mtoto akisoma bila kueleza, au akikwama kila neno, Jumatatu mzazi amwone mwalimu, bila kungoja mwisho wa muhula.

Juma lina saa 168. Vipindi vya mtoto wa Gredi ya 2 ni saa 15 na nusu tu. Haiwezekani shule ifanye yote katika saa hizo, nasi tukae tukingoja ripoti.

Bwana Mwenyekiti, sasa naleta azimio la Halmashauri. Tangu Chama hiki kianzishwe, mfuko wa elimu umelipa karo ya sekondari peke yake. Twapendekeza kwamba katika kila shilingi 10 za mfuko huo, shilingi 2 zinunue vitabu vya hadithi kwa Gredi ya 1 hata ya 3, vya Kiswahili, vya Kiingereza, na vya lugha yetu vinavyopatikana. Vitabu vitakaa katika sanduku kwa mwalimu mkuu, vitaazimwa Ijumaa na kurudishwa Jumatatu, na wanachama 2 watavihesabu kila mwisho wa muhula. Pia twawaomba wazee walio tayari, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, waende darasani katika vipindi 2 vya Lugha ya kwao wakatoe hadithi, methali na vitendawili.

Sitawaficha kwamba katika Halmashauri azimio hili lilipingwa. Mwenzetu mmoja alisema kwamba mfuko hautoshi hata sasa, na kwamba kila shilingi itakayonunua kitabu itapunguzwa kwa kijana aliyekwisha kuitwa sekondari. Maneno yake ni kweli. Wako wazazi katika mkutano huu watakaopata msaada mdogo zaidi mwaka ujao azimio hili likipita, na si vema tulipitishe huku tukijifanya hatulijui hilo. Lakini naomba mfikiri pia juu ya yule asiyeleta barua ya kuomba karo. Haleti kwa kuwa hakufika huko. Alikwama akiwa na miaka 8, kwa kukosa kitabu cha kurasa chache na mtu wa kumsikiliza akisoma. Jina lake halimo katika daftari langu la maombi, na kwa hiyo hatujapata kumhesabu.

Nawaachia ninyi uamuzi. Vyovyote mtakavyopiga kura, naomba kila mzazi aende shuleni katika juma la kwanza la muhula, ainakili ratiba ya darasa la mtoto wake, na kuibandika ukutani nyumbani.