Ufadhili wa Akili na Ufadhili wa Haja

Wasikilizaji, habari ya ufadhili wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani yahitaji ufafanuzi, kwani aghalabu mzazi hudhani ya kuwa kijana aliyewashinda wenziwe katika mtihani atalipiwa kwa ajili ya alama zake, ilhali Harvard, Yale, Princeton na MIT havitoi kabisa ufadhili wa akili peke yake, bali humkubali mwanafunzi, ajapokuwa mgeni, pasipo kujali utajiri wake wala ufukara wake, kisha huyapima mapato ya wazazi wake na kumtimizia kadiri ya haja. Utaratibu huo nauona kuwa wa insafu kubwa, kwa kuwa mwana wa mvuvi na mwana wa tajiri hupimwa kwa mizani moja.

Ufadhili wa akili khasa uko kwingine, kama ule wa Morehead-Cain katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, unaotazama pia tabia na uongozi. Lakini nafasi zake ni haba mno.

Basi, enyi wazazi na walimu, msimwache mtoto maskini akate tamaa kwa kuiona ada iliyotangazwa. Mhimizeni aombe nafasi na msaada kwa pamoja, tena mapema, wala asimlipe dalali hata senti moja.