Nguo za Nili na Tarikh ya Mji wa Abeokuta



Nimetakiwa nieleze maana ya mji, ya jamii na ya tarikh, nami sitakawia hapo, kwani hapana miongoni mwetu asiyejua kuwa mji ni watu kabla ya nyumba, na kuwa tarikh ni habari za waliotangulia zikithibitishwa kwa ushahidi. Shida iliyonishughulisha miaka mingi ni ushahidi wenyewe: upi tunaukubali, na upi tunauacha uliwe na nondo.

Abeokuta, mji wa Waegba katika nchi ya Wayoruba, uliasisiwa mwaka 1830, pale wakimbizi wa vita walioongozwa na Sodeke walipojihifadhi penye mwamba wa Olumo, karibu na mto Ogun, wakajenga mitaa yao kwa majina ya miji waliyoihama. Walilirudisha nyuma jeshi la Dahomey mwaka 1851, na tena mwaka 1864. Mwaka 1859 mmishenari Henry Townsend akaanzisha hapo gazeti la Iwe Irohin kwa lugha ya Kiyoruba. Na serikali ya Waegba ikabaki na madaraka yake hadi Waingereza walipoitia ndani ya Nigeria mwaka 1914. Hayo yamo vitabuni, kwa kuwa waliokuwa na kalamu waliyaona kuwa yafaa kuandikwa.

Lakini riziki ya nyumba nyingi za mji huo ilitoka katika vyungu vya wanawake watia rangi, watengenezaji wa nguo iitwayo adire. Bibi alichukua bafta iliyoletwa na meli kutoka Uingereza, akaifunga vifundo kwa nyuzi za mwale, au akaichora kwa unyoya wa kuku uliochovywa katika uji mzito wa muhogo. Kisha akaizamisha katika nili iliyoumuliwa kwa maji ya jivu, akaitoa, akaianika ipate hewa, akaizamisha tena, mpaka buluu ikakolea na pale penye uji pakabaki peupe. Wanunuzi walitoka hata Senegal.

Katika miaka ya 1920 zikaingia rangi za kiwandani na kostiki soda, kazi ikawa nyepesi, na wafanyabiashara wakalalamika kuwa nguo huchujuka na kuoza. Alake Ademola II, mfalme wa Waegba, akapiga marufuku dawa hizo, wanawake wakapinga, na mzozo ukafika mbele ya tume ya uchunguzi mwaka 1936, wakati biashara yenyewe imeshadhoofika. Wanawake hao hao, pamoja na wenzao wa sokoni, walikuwa wakitozwa kodi kwa nafsi zao, na binti alianza kudaiwa akiwa na miaka 15. Basi mwanaharakati Funmilayo Ransome-Kuti alipowakusanya mwaka 1947 mbele ya jumba la Alake, hata mfalme akajiuzulu Januari 1949, hasira ile ilikuwa na umri mrefu kuliko barua za serikali zinavyoonyesha. Kwa yakini yangu, asiyevijua vyungu vya nili hawezi kuyafahamu maandamano yale.

Nguo hizo zimepokewaje katika hazina za kumbukumbu? Nimekwisha kuona adire ya zamani imeandikwa daftarini kwa maneno mawili, nguo buluu, bila jina la nakshi, bila mtaa, bila aliyeitia rangi. Nimeandika barua, nimeketi katika kamati, nikajibiwa kwa adabu kuwa nguo si waraka. Siwatuhumu wakuu wa idara, kwani fungu lao ni dogo na nafasi haitoshi. Lakini iko nakshi yenye sura za Mfalme George V na Malkia Mary, iliyobuniwa kwa jubilii yao ya mwaka 1935, nayo inatoa ushahidi wa zama zake kama inavyotoa hati yoyote yenye muhuri. Ajuzi anayeijua nakshi kwa jina akifariki kabla ya kuulizwa, hapana faili litakalotujibu.

Kwa hiyo napendekeza kila nguo isajiliwe kwa jina la nakshi, mtaa na mtengenezaji wake. Napendekeza wazee wa kazi hiyo wahojiwe kwa Kiyoruba, na maneno yao yahifadhiwe pamoja na nguo yenyewe, wala yasitengwe katika chumba kingine. Uhojiwaji usingoje fungu jipya la fedha, kwa kuwa karani mmoja na daftari moja vyatosha kuanzia. Kamati za kukubali kumbukumbu ziwe na wanawake wa kazi hiyo, si wasomi peke yao. Walimu wa tarikh wa Abeokuta wawapeleke wanafunzi kwenye vyungu kama wanavyowapeleka Olumo. Tena napendekeza kwamba kanuni inayosema nguo si waraka ifutwe. Nawasihi wajumbe mlipitishe neno hili leo, kabla semina haijafungwa.