Parkinson na Safari ya Ng'ambo: Matayarisho Yanayomfaa Mgonjwa na Jamaa Zake

Maandishi ya hotuba iliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha elimu ya afya



Kila mwaka wakazi wa kaunti hii huvuka mipaka. Wapo wanaokwenda India kutafuta matibabu, wapo wanaokwenda Makka kwa hija au umra, na wapo wazee wanaoalikwa na watoto wao wanaofanya kazi Dubai, Doha au Marekani. Miongoni mwao wamo watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Baadhi huambiwa na jamaa, “Baba, wewe kaa tu nyumbani,” wakakosa harusi ya mtoto au ibada waliyoiwekea akiba kwa miaka. Wengine huondoka bila matayarisho, wakarudi hali ikiwa mbaya zaidi. Yote mawili yanaweza kuepukwa.

Ugonjwa wenyewe

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo. Umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda vizuri, hufa polepole. Mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, mwendo hupungua kasi, na wakati mwingine miguu hugoma ghafla mlangoni kana kwamba imenata sakafuni. Si uchawi, si ulevi, wala hauambukizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao.

Hakuna dawa ya kuuponya kabisa. Hata hivyo, levodopa ikichanganywa na karbidopa humrudishia mgonjwa uwezo mkubwa wa kujiendea. Dawa hii huenda kwa saa. Ikichelewa, mwili hukakamaa, na ikiachwa kwa ghafla, mgonjwa anaweza kupata homa kali na kukakamaa kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Ndiyo maana safari yote hupangwa kwa kufuata saa ya dawa.

Kabla ya kukata tiketi

Mgonjwa na amwone daktari wake mapema, angalau mwezi mmoja au miwili kabla. Aombe barua iliyopigwa muhuri, inayotaja ugonjwa, majina ya dawa, kipimo na saa za kumeza. Jina liwe lile la dawa yenyewe, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Suala la sheria lisipuuzwe. Benzheksoli, ambayo wengine huijua kwa jina la Artane, ni kidonge ambacho wagonjwa wengi hupewa hapa nchini. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, dawa hiyo imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Anayekwenda Dubai au Abu Dhabi nayo aombe kibali mapema kwa mamlaka husika ya huko. Saudi Arabia pia ina utaratibu wa kibali kwa dawa zinazodhibitiwa. Asiyejua dawa yake imo katika kundi gani aulize ubalozi kabla ya kufunga mizigo, wala asithubutu kuiacha nyumbani bila ushauri wa daktari.

India humtaka msafiri kutoka Kenya aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo. Kwa mwenye umri wa miaka 60 na zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa, madhara makali huwa na uwezekano mkubwa kidogo kuliko kwa kijana, hivyo daktari apime kwanza.

Siku ya safari

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake za asili, na ziwe zaidi ya siku za safari. Sanduku likipotea, nguo zitanunuliwa nyingine, lakini levodopa huenda isipatikane usiku ule katika mji wa kigeni.

Mashirika ya ndege hutoa kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma bila malipo. Kiombwe wakati wa kukata tiketi, au saa 48 kabla ya kuondoka. Hata mzee anayetembea vizuri nyumbani hufaidika, kwani foleni, haraka na kelele ndizo huifanya miguu igome. Kiti cha kando ya njia, karibu na choo, kinafaa zaidi. Mwenye kifaa kilichopandikizwa ubongoni achukue kadi yake na kumwonyesha mlinzi kabla ya kupita kwenye mashine ya ukaguzi, ili akaguliwe kwa mkono.

Saa huwachanganya wengi. Simu moja ibakizwe kwenye saa za Kenya na itegwe kengele. Aliyezoea kumeza saa kumi na mbili jioni nyumbani, akifika Mumbai ameze saa mbili na nusu usiku. New York iko nyuma ya Kenya kwa saa 7 au 8 kulingana na majira, hivyo kwa safari ndefu daktari ampangie jinsi ya kuhamia saa za huko hatua kwa hatua. Chakula nacho kina nafasi yake. Nyama, mayai na maharagwe huweza kuzuia levodopa isiingie mwilini vizuri, basi imezwe kwa maji nusu saa hivi kabla ya mlo.

Akiwa ugenini

Joto na kiu hushusha shinikizo la damu, na dawa nayo hulishusha. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, na anapoamka akae kitandani kidogo kabla ya kusimama. Huko Makka, tawafu na sai zinaweza kufanywa kwa kiti cha magurudumu, kwa hiyo mzee asijilazimishe.

Akiugua na kupelekwa hospitali, aliye naye aseme mara moja kwamba ana Parkinson. Sindano ya kutapika ya metoklopramidi, inayojulikana kwa jina la Plasil, huzuia dopamini na huweza kumkakamaza. Haloperidoli, inayotumiwa kumtuliza mgonjwa, ina hatari hiyo hiyo. Majina haya mawili yaandikwe kwa wino mwekundu kwenye barua ya daktari.

Wajibu wa jamaa

Anayeandamana na mgonjwa ajue kila kidonge na saa yake, abaki na nakala ya barua, na asimharakishe. Miguu ikigoma, mgonjwa asivutwe mkono. Asimame, avute pumzi, kisha ahesabu moja, mbili, tatu na kuinua mguu kama anayeruka mstari.

Mwenye mzee anayetetemeka na ambaye hajawahi kupimwa ampeleke kwanza kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa. Matayarisho ya safari yataanzia hapo.