Matembezi ya Familia Yasiyohitaji Basi la Kukodi

(Mada iliyotolewa kwenye mkutano wa kamati za parokia na wafadhili, Dar es Salaam)

Nimeombwa nizungumze juu ya matembezi ya familia zenye watoto wadogo. Wengine mtajiuliza mada hii inatafuta nini katika kikao ambacho asubuhi nzima kimejadili visima na vikoba. Naomba mnivumilie kidogo.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja mambo matano anayoyahitaji mtoto mdogo: afya bora, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio, na kujifunza mapema. Matatu ya kwanza tunayafanyia kazi kupitia kliniki, uji wa lishe na ushauri nasaha. Mawili yaliyobaki hayaletwi na gari la mradi. Yanaletwa na mzazi aliyekaa karibu na mtoto, anayemsikiliza na kumjibu. Na katika jiji letu mzazi huyo anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi mtoto amelala. Wako akina baba ambao mtoto anawaona akiwa macho siku ya Jumapili tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka mapumziko katika haki za mtoto, pamoja na afya, elimu na malazi.

Sasa tuangalie tunavyofanya. Parokia nyingi huandaa safari moja ya familia kwa mwaka, mara nyingi Bagamoyo. Sina ugomvi na Bagamoyo. Ina magofu ya Kaole, ina misheni iliyoanza mwaka 1868, na mtu mzima atajifunza mengi. Shida yangu ni hesabu. Tuseme mchango ni shilingi 20,000 kwa mtu mzima na 10,000 kwa mtoto. Mama muuza maandazi mwenye watoto watatu anatakiwa atoe 50,000. Hatasimama kwenye jumuiya aseme hana. Atasema mdogo ana homa. Basi linaondoka limejaa, ripoti inaandikwa kwamba familia zimeshiriki, na zile familia ambazo tunaombea misaada kwa jina lao zimebaki nyumbani.

Hata kwa waliosafiri, mtoto wa miaka mitatu amepata nini? Amekaa kwenye foleni, amesikiliza risala, amelala. Mtoto wa umri huo hajali kilomita. Anajali kaa aliyetoka kwenye shimo na baba aliyechuchumaa naye kumtazama.

Kwa hiyo napendekeza twende karibu, na twende mara nyingi.

Chukueni Coco Beach. Ufuko ule ni wa wazi, na wengi wetu tunaujua kwa jioni ya Jumapili, muziki umepamba moto na watu wamebanana. Hiyo si saa ya watoto wadogo. Wavuvi na wazee wa pwani wanajua kwamba siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada yake, maji hupwa sana hapa kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wakati huo miamba inabaki wazi na kuacha vidimbwi vya maji ya vuguvugu. Humo mna visamaki, kaa, konokono, na ukibahatika kiti cha pweza. Mtoto akae kidimbwini saa nzima na hutasikia akiomba soda. Vaeni kandambili, kwa sababu kuna miiba na mawe makali. Kinachookotwa kirudishwe majini. Maji yakianza kujaa, tokeni, mle mihogo yenu mliyotoka nayo nyumbani, mrudi kabla jua halijawa kali. Saa mbili au tatu zinatosha. Mtoto mdogo akichoka, siku imeisha, hata kama mtu mzima ndio kwanza amekaa mkekani.

Njia nyingine ni safari yenyewe kuwa matembezi. Mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza mwaka 2016, kwetu ni adha ya kila siku. Kwa mtoto aliyepakatwa dirishani ni sinema. Mkishuka, kivuko cha Magogoni kiko jirani. Kinakatiza mlango wa bandari, na mara nyingine meli ya makontena hupita karibu kiasi kwamba watoto hunyamaza kimya. Vukeni Kigamboni, kaeni kivulini, rudini. Mmelipa nauli tu. Msiende saa za watu kwenda na kutoka kazini, na kila mtoto awe na mtu mzima wake aliyemshika mkono.

Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina kiingilio, lakini Mtanzania halipi sawa na mgeni. Pale mtoto anaingia ndani ya msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, anauliza mbona hakuna dirisha. Bibi akiwepo, mpeni yeye kazi ya kujibu. Maelezo yake yatashinda kibao chochote.

Juu ya usalama nasema moja tu. Sikukuu za Krismasi na Idi watoto hupotea ufukoni. Andikeni namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi, muitie mfukoni mwa mtoto, au muiandike kwa kalamu mkononi mwake.

Ndugu wajumbe, kwenye kamati ombi langu ni dogo. Tazameni kalenda ya mwezi, chagueni Jumamosi nne kwa mwaka, mtangaze kituo cha kukutania na saa, bila mchango wowote. Kila familia ije na chakula chake, na sufuria zisishindanishwe. Waiteni akina baba kwa majina, maana tangazo la jumla hulisikia mama peke yake.

Na ndugu wafadhili, hatuwaombi fedha za basi. Kama mna uwezo, angalieni viwanja vya parokia zetu. Vingi ni vumbi tupu, havina mti wala choo ambacho mtoto wa miaka minne anaweza kukitumia bila kuogopa kudumbukia. Mwembe unachukua miaka kukua. Choo mnaweza kukianza mwaka huu.