Daktari aliyeingia siasa



Juzi pale mwaloni Kirumba, dagaa wakipakiwa kwenye malori, niliwakuta wazee wawili wakibishana. Mmoja alidai kuwa daktari akiingia siasa amewakimbia wagonjwa. Nikawauliza kama wanamkumbuka Dakta Leader Stirling. Hawakumkumbuka, nami nikaona vibaya.

Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akaja Tanganyika mwaka 1935 akiwa daktari wa misheni huko Masasi. Alikuwa Lulindi, baadaye Mnero, akipasua wagonjwa na kufundisha wauguzi mbali kabisa na miji. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Akachukua uraia wetu, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akampa Wizara ya Afya. Aliishika hadi 1980.

Hapo ndipo pana jambo. Mwaka 1977, yeye akiwa Waziri, sheria ilipiga marufuku matibabu ya binafsi ya kutafuta faida. Hospitali za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee. Wenye fedha mjini walinung'unika sana. Mimi naielewa nia yake: mtu aliyetibu Mnero miaka yote ile alijua kwamba daktari huifuata shilingi, na shilingi haikai kijijini.

Lakini sheria haichemshi sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 80 tulimpeleka shangazi yangu hospitali moja ya serikali. Daktari alikuwepo, tena mpole, dawa hakuna. Akatuandikia cheti, tukazunguka nacho mjini siku mbili. Kliniki ya binafsi ambayo pengine ingekuwa na zile dawa ilikwisha kufungwa. Mwaka 1991 sheria ililegezwa, na leo hapa Mwanza ukitembea kidogo tu unakutana na kibao cha kliniki. Asiye na kitu bado anapanda kilima cha Bugando, kwenye hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, akiwa na kadi mkononi na nauli ya kurudia hana.

Yule mzee aliposikia hayo yote aliniuliza swali moja tu:

"Na uwaziri ulipokwisha, Mzungu huyo alirudi kwao?"

"Hakurudi, mzee wangu. Alifariki mwaka 2003, akiwa Mtanzania."

"Basi huyo hakukimbia," akasema, akageukia dagaa wake.

Tukutane juma lijalo.