LISHE SHULENI: MGENI NA MWENYEJI



Siku hizi huja shuleni wafanyakazi wa makampuni makubwa, wakijitolea kwa siku chache kuwafundisha watoto wetu lishe bora. Je, tuwapokeeje?

Kwanza, tuwapokee kwa shukrani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano nchini mwetu, 30 wamedumaa. Anayeacha shughuli zake ili amfundishe mtoto kunawa mikono na kula mboga za majani anatenda wema.

Lakini haki inatudai tuulize: mtoto huyu amekosa elimu, au amekosa chakula? Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunalijua jibu. Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikashamiri hapa Mwanza. Minofu ikapelekwa Ulaya, na maskini wengi wakabakiwa na mapanki. Hata dagaa, kitoweo cha mnyonge, sehemu yao kubwa hugeuzwa chakula cha mifugo. Mama anayeanika dagaa mwaloni hana haja ya kuambiwa kwamba samaki hujenga mwili. Anahitaji kipato kitakachomwezesha kuwabakizia wanawe samaki hao. Somo linalolinyamazia jambo hilo humtwika mama lawama isiyo yake.

Pili, tutazame ni nani amtumaye mwalimu. Yako makampuni ya maziwa ya kopo ambayo zamani yaliwatuma wanawake waliovaa kama wauguzi kuwashauri akina mama katika nchi maskini. Chupa ikachukua nafasi ya titi. Maziwa yakazimuliwa kwa maji machafu, na watoto wakafa. Ndiyo sababu mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Sisemi kwamba kila ajaye ana hila. Nasema kwamba darasa si soko, na nembo ya biashara haina nafasi humo.

Tatu, tusijidharau. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu wazima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatenda. Kiongozi wa kikundi aliishi nao na kula walacho. Mafundisho ya jamii ya Kanisa huiita hiyo kanuni ya auni: mkubwa amsaidie mdogo kutenda, asimnyang'anye kazi yake.

Basi, kamati za shule zikubaliane na wageni mapema juu ya somo lenyewe. Lihusu dagaa, kunde, mchicha, karanga na viazi vitamu, si vyakula vya dukani. Mwalimu wa shule afundishwe pamoja na watoto, ili somo lisiondoke na gari la mgeni. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bustani ya shule iwe jembe hilo.

Lipo pia jambo letu wenyewe. Ada ilifutwa mwaka 2016, lakini uji wa shule za kutwa bado hutegemea sana michango ya wazazi. Pale ambapo mtoto wa asiyechanga huketi kando akiwatazama wenzake wakinywa, hakuna mgeni wa kulaumiwa. Kikombe cha mtoto huyo ni deni la jumuiya yote.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Katika shule yetu, ni watoto gani hawapati uji, na kwa nini?
2. Jumuiya yetu itachanga nini kwa ajili yao kabla ya muhula ujao, na nani atasimamia?